Padri Sevin, mlezi wa skauti aliyeshukuriwa kwa kuchelewa

RWIMBOGO, Rusizi – Mfanyabiashara wa mpakani hutoka nyumbani alfajiri na kurudi jua likizama. Katika wilaya hii inayopakana na Kongo na Burundi, mzazi akiwa safarini mtoto hulelewa na wengi: bibi, mwalimu, jirani, na mlezi wa skauti anayejitolea bila mshahara.

Skauti ilianza Rwanda mwaka 1940. Lakini Wakatoliki wasingeipokea kwa urahisi bila kazi ya Padri Jacques Sevin, Mjesuiti wa Ufaransa.

Sevin alizaliwa Lille tarehe 7 Desemba 1882, akajiunga na Wajesuiti mwaka 1900. Zama hizo Wakatoliki wengi waliitilia shaka skauti kwa sababu ilitoka Uingereza, nchi ya Waprotestanti. Sevin hakutaka kuhukumu jambo asilolijua. Mwaka 1913 alivuka bahari, akaangalia vijana wakifanya kazi zao, na kukutana na mwanzilishi, Robert Baden-Powell, yule aliyezikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Aliporudi alikuwa na hakika kwamba ahadi ya skauti inaweza kumjenga kijana katika imani yake.

Alipewa upadri mwaka 1914. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Ubelgiji, katika eneo lililokaliwa na Wajerumani, na huko akaanza kulea vijana kwa njia hiyo. Mwaka 1920, pamoja na Padri Cornette na Édouard de Macedo, aliunda chama cha Skauti wa Ufaransa. Mwaka 1922 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu skauti. Kuanzia mwaka 1923 aliongoza kambi ya Chamarande, ambako watu wazima walifundishwa kuwa walezi, kwani aliamini kijana hufuata anachokiona kwa mkubwa wake. Ndiye pia aliyeandika maneno ya Kifaransa ya wimbo wa kuagana ambao skauti huimba wakishikana mikono.

Hata hivyo alitofautiana na wenzake katika uongozi. Mwaka 1924 aliacha ukamishna mkuu, na mwaka 1933 akaondolewa Chamarande, kazi aliyoipenda kuliko zote. Hakujitenga wala kuanzisha ugomvi. Aliendelea kuwahudumia vijana kama padri wa kawaida, na mwaka 1944 alianzisha shirika la masista la Msalaba Mtakatifu wa Yerusalemu. Alifariki Boran-sur-Oise tarehe 19 Julai 1951.

Kanisa lilimkumbuka rasmi tarehe 10 Mei 2012, Papa Benedikto XVI alipotambua fadhila zake za kishujaa na kumpa cheo cha Mheshimiwa. Ilikuwa imepita miaka 60 tangu azikwe.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na anayemlea mtoto wa mwenzake anastahili shukrani angali hai. Mzazi arudiye jioni kutoka sokoni hahitaji cheti wala medali kuitoa: anaweza kupita kwa mlezi wa mwanawe na kumwambia asante.