Bwana afya aliyemzaa Bwana Msa

Ndugu msomaji, kama umewahi kusubiri basi la Kampala pale Nyabugogo alfajiri, unajua kwamba mtu mwenye daftari hapendwi. Mwenye daftari ni mtu wa kodi, au ametumwa na Jiji, au ni mdai aliyekuja kumvizia mtu wake. Mwaka 2018 mwenye daftari nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeamua kuandika riwaya ya upelelezi, kisa cha mzigo unaopotea kati ya mpaka wa Gatuna na kituo chetu cha mabasi, na nilitaka kujua mambo madogo madogo: gunia hufungwa fundo la namna gani, nani hushusha, nani huhesabu, hela hukaa wapi njiani. Siku ya tatu karasi mmoja aliniuliza mbele ya watu nimetumwa na nani. Tangu hapo nikikaribia benchi, mazungumzo yanahamia kwenye mvua.

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikatoa sandukuni kitabu nilichovuka nacho daraja la Rusumo mwaka 2001, wakati nilipohitimisha masomo yangu ya ukimbizini huko Karagwe. Jalada lake lilishatoka zamani. Ni Mzimu wa Watu wa Kale, na aliyekiandika ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Wengi wetu tuliosomea Tanzania tunamkumbuka shujaa wake, Bwana Msa mwenye kiko, pamoja na rafiki yake Najum na Inspekta Seif wa polisi. Mwandishi mwenyewe hatumjui sana. Siku hizo nikamtafuta.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mwaka 1918. Makunduchi ndiko kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa, na ni sehemu ambayo mizimu na mapango yake si hadithi za kutishia watoto tu, bali ni mahali panapojulikana, pana njia na pana wenyewe. Mtoto wa huko hana haja ya kusoma kitabu ili ajue watu hunyamaza namna gani wanapopita penye mzimu.

Alipomaliza shule, mwaka 1938 aliingia katika idara ya afya, akawa mkaguzi. Kwa Kiswahili chetu cha mitaani alikuwa bwana afya. Hapa ndipo ninapoomba tukae kidogo, maana vitabu vya mashuleni hupapita hapa kwa sentensi moja, nami naona mali yote imo humu.

Bwana afya ni nani? Ni mtu ambaye sheria inamruhusu kubisha hodi nyumba ya tajiri na ya maskini. Anachungulia mtungi wa maji kama una viluwiluwi vya mbu. Anatazama choo, kisima, jiko, duka la nyama, uchochoro wa nyuma ambao mgeni mwingine hapelekwi. Anaona nani analala chumba gani, nani ana vyombo vipya na kazi hana, nani amejibu haraka mno. Tena anazoea kudanganywa! Kila mwenye nyumba humwambia kwamba maji yale yametekwa asubuhi hiyo hiyo. Miaka kumi ya kudanganywa kwa adabu, kila siku, na watu wa kila kabila na kila kipato: mimi sijui chuo kingine cha kumfundisha mtu kuandika riwaya ya upelelezi.

Mtu ataniambia kwamba Bwana Msa ni mtoto wa Sherlock Holmes. Ni kweli kwamba wahakiki wameona mkono wa Arthur Conan Doyle katika kazi zake, na kiko peke yake kinatosha kuwa ushahidi. Lakini Conan Doyle naye hakumtoa Holmes hewani. Alisomea udaktari Edinburgh, na huko alimwona mwalimu wake, Joseph Bell, akimtazama mgonjwa na kutaja kazi yake kabla hajafungua mdomo. Mmoja alijifunza kwenye chumba cha wagonjwa, mwingine kwenye mitungi ya maji ya Unguja. Ukoo ni mmoja.

Mwaka 1948 aliacha ukaguzi akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akafanya kazi katika magazeti mengine, likiwemo Al-Falaq na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 alishika uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, na alikaa nalo hadi alipostaafu mwaka 1968. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta hapo. Wengine wangesema jarida la kilimo ni kifungo kwa mtu wa fasihi. Mimi sidhani. Mashamba ya karafuu na minazi ndiyo ulimwengu wa mabwana anaowaua katika vitabu vyake.

Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ukachapwa mwaka 1960. Ni hadithi ya mwenye shamba anayekutwa amekufa penye mzimu, na watu wako tayari kabisa kuamini kwamba mzimu umefanya kazi yake. Baadaye kikaja Kisima cha Giningi mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa, na mwaka 1984 Kosa la Bwana Msa. Alifariki mwaka 1991.

Sasa tazama jambo hili, msomaji. Muhammed, Said, Abdulla: chukua herufi za mwanzo, utapata Msa. Amempa shujaa jina lake mwenyewe. Lakini kitu kimoja hakumpa, nacho ni ile karatasi ya serikali. Msa si polisi wala bwana afya. Hana ruhusa ya kuingia nyumba ya mtu. Anaingia kwa mazungumzo, kwa utani, kwa kuketi muda mrefu mpaka mwenye nyumba asahau kwamba anaulizwa.

Usiku ule nilielewa kosa langu. Nilikwenda Nyabugogo na daftari la bwana afya bila kazi ya bwana afya. Mkaguzi alikuwa na sababu ya kuwepo pale, na mimi nilikuwa na tamaa tu.

Nikaacha daftari nyumbani. Wapo kina mama wanaoleta mchele kutoka Tanzania kupitia Rusumo, na wengi walikuwa hawajui kwamba bidhaa ya Jumuiya isiyozidi dola 2,000 hupewa cheti chepesi cha asili, mtu asihangaike na karatasi za wafanyabiashara wakubwa. Fomu nayo imeandikwa Kiingereza. Nikawa nawajazia Jumamosi. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha miaka mingi kabla ya vitabu vyake vingi tunavyovijua, basi sikuona aibu.

Mambo niliyokuwa nayauliza bure mwaka 2018 yakaanza kuja yenyewe: fundo la gunia, hela inayoshonwa kwenye ukosi, dereva gani hukopesha. Gatuna ulipofungwa Februari 2019 niliona waliofilisika kwa macho yangu, na kisa changu cha mzigo kikaniona mpumbavu. Uliporejea kufunguliwa Januari 2022 nilikuwa nimeandika sura tisa nyingine kabisa.

Mama mmoja kati ya wale ninaowajazia alisikia kwamba naandika. Akaniuliza, mwalimu, lile deni langu la mwaka ule nalo limo? Lilikuwemo, sura ya nne, hadi kiasi chake. Nilimwomba Jumamosi ijayo abaki kidogo tukimaliza fomu, nimsomee sura ile kwa Kinyarwanda, na penye kumuuma nipake wino. Alisema atakuja na dada yake, maana deni lilikuwa la wote wawili.