Maisha ya Blaise Pascal

Twataka kuwapa habari za maisha ya Blaise Pascal, Mfaransa aliyewapita wengi wa zamani zake kwa akili. Hakuwa mtu wa kanisa letu. Tangu ubatizo hata kufa alikuwa Mkatoliki. Lakini jambo lililompata latufaa sote, hasa sisi tuliopewa kazi ya kuwafundisha wengine.

Alizaliwa mjini Clermont tarehe 19 Juni 1623. Mama yake alikufa yeye alipokuwa na miaka 3 tu, na baba yake akamfundisha mwenyewe nyumbani. Katika mwaka 1642, akiwa kijana bado, alianza kutengeneza mashine ya kuhesabu, ili ampunguzie baba yake taabu ya hesabu za kodi ya serikali. Katika mambo ya elimu hakukubali neno kwa sababu tu wakubwa wa kale wamelisema. Alitaka lijaribiwe kwanza. Kwa hiyo mwaka 1648 alimwagiza shemeji yake apande mlima Puy de Dôme na mrija wa kioo wenye zebaki. Kule juu zebaki ikasimama chini kuliko ilivyosimama mjini. Hivyo ilionekana wazi ya kuwa hewa ina uzito, nao hupungua kadiri mtu apandavyo.

Habari za imani nazo alifundishwa vema. Mwaka 1646 baba yake aliteleza penye barafu akaumia nyonga, na ndugu wawili, mafundi wa kuunga mifupa, wakaja kumwuguza. Watu hao walikuwa wacha Mungu, wakawapa wenyeji wao vitabu vya dini. Blaise alikuwa wa kwanza kuyakubali mafundisho yale, akawavuta na wengine wa nyumbani.

Hata hivyo miaka ilipita, na moyo wake ukapoa. Baba yake alikufa mwaka 1651, na umbu lake mdogo, Jacqueline, akaingia katika nyumba ya watawa ya Port-Royal. Blaise akabaki Paris, akisifiwa na wenye elimu na kuketi pamoja na wakubwa. Lakini sifa hazikumshibisha. Mwaka 1654 alimwendea Jacqueline mara nyingi, akamwungamia ya kuwa ulimwengu umemchosha, wala hasikii moyoni mvuto wo wote wa kumwelekea Mungu. Mafundisho yote alikuwa nayo kichwani, naye alikuwa kama mtu afaye kwa kiu huku mtungi umejaa karibu naye.

Basi usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, tangu yapata saa nne u nusu hata yapata saa sita u nusu, Mungu alimjia. Hapakuwa na mwalimu mbele yake, wala mhubiri. Aliandika katika karatasi siku ile na saa ile, akaandika neno moto, na majina ya baba wa kale ambao Mungu ni Mungu wao, na habari za furaha na machozi. Akanakili maneno hayo katika ngozi ya kuandikia, akayashona yote mawili ndani ya bitana ya vazi lake. Miaka karibu 8 aliyachukua mwilini. Ni baada ya kufa kwake ndipo mtumishi alipoyagundua.

Matunda yake je? Pascal aliwapenda maskini kwa matendo. Mwaka 1662 alikuwa amewakaribisha maskini katika nyumba yake, na mtoto wao akashikwa na ndui. Pascal mwenyewe alikuwa mgonjwa sana. Lakini hakukubali mtoto aondolewe, akahama yeye, akaenda kwa umbu lake mkubwa, Gilberte. Huko alikufa tarehe 19 Agosti 1662, umri wake miaka 39. Maandiko aliyoyaacha juu ya imani yalipigwa chapa mwaka 1670, nayo yasomwa hata leo.

Je, tuseme basi ya kuwa kufundisha ni kazi bure? Hasha. Tukiyatazama maneno ya karatasi ile, twaona ya kuwa mengi yalitoka katika Maandiko aliyofundishwa zamani. Eliya alizipanga kuni juu ya madhabahu, bali moto haukutoka kwake. Vivyo hivyo mwalimu apange kuni zake kwa uaminifu, wala asidhani ya kuwa mwanafunzi ajibuye maswali yote amekwisha kuwaka. Naye aliyejifunza miaka mingi na moyo wake u baridi, asikate tamaa wala asiache kuomba. Kuni zilizokauka zangoja moto tu.