Arthur Ashe na mupira wa polepole

Kwenye meza ya pingi-pongi sisi tunajua namna moja tu: mutu akipiga kwa nguvu, wewe unarudisha kwa nguvu kupita yake, kiisha wote tunaenda kutafuta mupira kwenye majani. Basi sikieni maisha ya Arthur Ashe, mucheza tenisi.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 katika muji wa Richmond, Marekani. Baba yake alikuwa mulinzi wa uwanja wa michezo wa watu weusi, na nyumba yao ilikuwa ndani ya uwanja ule ule. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka sita tu. Munganga moja mweusi, Robert Walter Johnson, akamufundisha tenisi. Alikuwa mukali sana: hapana kubishana na mwamuzi, na mupira wa adui ukianguka karibu na mustari, hata umetoka kidogo, uhesabu kama uko ndani. Alijua wazungu watatafuta sababu ndogo tu ya kufukuza watoto wake.

Ashe akakomaa. Mwaka 1968, angali askari, akashinda mashindano makubwa ya Marekani. Wakati ule yeye mwenyewe alikuwa mutu wa kupiga kwa nguvu.

Tarehe 5 Julai 1975 akafika finali ya Wimbledon, Uingereza. Adui alikuwa Jimmy Connors, miaka 22, bingwa wa mwaka uliopita. Ashe alikaribia miaka 32, na mara zote tatu walizokutana alikuwa ameshindwa. Connors alikuwa akishambulia kila mupira, hata servisi. Katika nusu finali Roscoe Tanner alimupigia servisi za moto, kumbe zile ndizo zilimupa Connors nguvu: mupira wa mbio unarudi mbio.

Kwa hiyo Ashe na rafiki zake wakapanga kumunyima ile mbio. Akamupa mipira laini, ya chini, upande wa mukono wake wa kushoto, maana pale Connors alipaswa kuinua mupira yeye mwenyewe, na mara nyingi uliingia wavuni. Servisi akaikata iende inje, mbali na mikono yake miwili. Connors akikaribia wavu, mupira unapita juu ya kichwa. Wakati wa kupumuzika Ashe alikaa akifunga macho.

Seti ya kwanza 6-1, ya pili 6-1. Ya tatu Connors akaichukua 7-5, na katika ya nne akatangulia 3-0. Pale wengi wangerudia kupiga kwa nguvu. Ashe hakubadilisha sana mpango wake, akamaliza 6-4. Ndiye mwanaume mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon.

Mbele ya hapo, mwaka 1971, kule Yaoundé, Kameruni, alimuona mutoto Yannick Noah akicheza, akamusaidia kupata masomo ya tenisi Ufaransa. Noah akashinda Paris mwaka 1983.

Moyo ulimusumbua Ashe tangu 1979. Damu aliyopewa hospitalini kiisha kupasuliwa ilimuletea ukimwi, naye akafa tarehe 6 Februari 1993.