Rosa Luxemburg, mwanauchumi aliyeuliza nani analipa deni la reli

KINDU – Wengi wanaposikia jina la Rosa Luxemburg wanakumbuka mwanamapinduzi aliyeuawa Berlin, Ujerumani, tarehe 15 mwezi wa kwanza 1919. Lakini alikuwa pia mwanauchumi, kati ya wanawake wa kwanza Ulaya kupata udaktari katika elimu hiyo. Swali lake kubwa linawahusu hata wakaaji wa Kindu, mji wa reli: banki za ng'ambo zikitoa pesa za kujenga reli katika nchi maskini, ni nani hasa anayelipa?

Rosa alizaliwa mwaka 1871 huko Zamość, Poland, wakati eneo hilo lilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Jamaa yake ilikuwa ya Kiyahudi. Akiwa mtoto aliugua nyonga, akabaki anachechemea maisha yake yote. Mwaka 1889, polisi wakiwa wanawatafuta vijana wa upinzani, alikimbilia Zürich, Uswisi. Chuo kikuu cha huko kilikuwa kati ya vichache vilivyopokea wanawake sawa na wanaume. Mwaka 1897 alipata udaktari kwa utafiti juu ya ukuaji wa viwanda vya Poland.

Baadaye alihamia Berlin. Toka mwaka 1907 alifundisha uchumi kwenye shule ya chama cha wafanyakazi, SPD. Wanafunzi wake walikuwa wafanyakazi na viongozi wa vyama vyao. Katika kuwaeleza somo hilo aliona kuna jambo ambalo vitabu havikueleza vizuri: namna mtaji unavyoendelea kukua. Jibu lake lilitoka mwaka 1913 katika kitabu juu ya ulimbikizaji wa mtaji.

Sura moja inahusu mikopo ya kimataifa. Mfano mmoja ni Misri. Mtawala Ismail alikopa pesa nyingi Ulaya kwa ajili ya mifereji, reli na mashamba ya pamba. Sehemu kubwa ya pesa hizo ilirudi Ulaya kununua mashini. Deni lilibaki Misri, na wakulima wakalilipa kwa kodi na kwa kazi ya lazima. Mwaka 1876 nchi ilishindwa kulipa, na wakubwa wa Ulaya wakasimamia hazina yake. Mwaka 1882 jeshi la Uingereza likaingia.

Mfano mwingine ni reli za Uturuki, zilizojengwa kwa pesa za banki za Ujerumani. Serikali iliahidi kuilipa kampuni kiasi fulani kwa kila kilometa, hata abiria na mizigo wakikosekana. Pesa hizo zilitoka kwenye fungu la kumi la mavuno ya wakulima.

Reli ya kwetu ilizaliwa wakati huohuo. Mwaka 1902 tajiri wa Ubelgiji, Edouard Empain, alianzisha kampuni ya CFL. Ilijenga njia ya Stanleyville mpaka Ponthierville, ambayo leo ni Kisangani na Ubundu, kisha njia ya Kindu mpaka Kongolo. Dola ya Leopold II iliwahakikishia wenye hisa faida na kuwapa ardhi kubwa. Dola hiyo yenyewe ilipata mali yake kwa kodi na kazi ya lazima ya Wakongomani.

Wanauchumi wengi, hata wa upande wake, walipinga hesabu za Rosa. Aliwajibu akiwa gerezani, alikofungwa kwa sababu ya kupinga vita. Alitoka gerezani kwa mara ya mwisho mwezi wa kumi na moja 1918. Wiki chache baadaye alishiriki kuanzisha chama cha kikomunisti cha Ujerumani, ingawa alikuwa amemlaumu Lenin kwa kunyima watu uhuru. Baada ya uasi wa Berlin, wanajeshi walimkamata, wakamuua na kutupa maiti yake katika mfereji. Ilipatikana miezi zaidi ya minne baadaye.

Mwaka 1951 kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza, na utangulizi uliandikwa na mwanauchumi mwingine mwanamke, Joan Robinson wa Cambridge. Makosa ya hesabu bado yanajadiliwa. Lakini kila mara nchi inapotia sahihi mkopo wa barabara, bandari au reli, njia yake ya kuchunguza inabaki na kazi: kufuata pesa tangu banki mpaka kwa mkulima, kuona nani anapata faida na nani anabaki na deni.