Joe McCarthy: Kocha aliyemsubiri nyota wake aliyeshuka kiwango

Mshambuliaji akikumbwa na ukame wa mabao, mashabiki wa Kambarage hapa Shinyanga au Nyankumbu kule Geita hawakawii kupiga kelele: kocha amtoe, aingie mwingine. Leo tunamwangalia kocha aliyepata mtihani huo katika besiboli ya Marekani.

Joe McCarthy alizaliwa Philadelphia mwaka 1887. Akiwa na miaka mitatu, baba yake alifariki kwa kufukiwa na kifusi kazini, msiba ambao familia za wachimbaji wadogo wa ukanda wetu zinaujua vizuri. Utotoni aliumia goti akicheza, na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Alihangaika madaraja ya chini kwa miaka mingi, akageukia ukocha. Mwaka 1926 alikabidhiwa Chicago Cubs, na 1931 akahamia New York Yankees.

Huko alimkuta Lou Gehrig, mpigaji hodari ambaye hakuwa amekosa mechi tangu Juni 1, 1925. Msimu wa 1939 ulipoanza, Gehrig akaporomoka ghafla. Katika mechi 8 alihesabiwa zamu 28 za kupiga, akafanikiwa mara 4 tu. Mbadala wake, Babe Dahlgren, alikuwa benchi akisubiri.

McCarthy hakumtoa. Mpigaji aliyepoteza makali huyarudisha kwa kucheza, na kumweka benchi kunaweza kumvunja moyo zaidi. Kwa upande mwingine, kila mechi aliyompanga iliigharimu timu. Kocha alimwachia mwenyewe uamuzi.

Mei 2, 1939, wakiwa Detroit, Gehrig alimfuata kocha na kuomba apumzishwe. Alikuwa amecheza mechi 2,130 mfululizo. Dahlgren aliingia, na Yankees wakashinda 22 kwa 2.

Mwezi uliofuata madaktari walibaini kwamba Gehrig alikuwa na ugonjwa unaoua neva zinazoongoza misuli. Haukuwa uvivu wala kushuka kiwango kwa kawaida. Alifariki Juni 2, 1941, akiwa na miaka 37.

Yankees walitwaa ubingwa mwaka huo wa 1939, mmoja kati ya saba ambao McCarthy aliwapatia. Lakini hakupatia kila mara. Mwaka 1948, akiwa na Boston Red Sox, alimpanga mrushaji mkongwe Denny Galehouse katika mechi ya kuamua dhidi ya Cleveland. Walifungwa 8 kwa 3, na lawama zilimfuata kwa miaka mingi. Alifariki Januari 13, 1978, akiwa na miaka 90.

Makocha wetu wa mtaani hawana madaktari wa timu. Hata hivyo, mchezaji wa kutegemewa anapoporomoka ghafla, miguu ikawa mizito na mikono ikalegea, tunashauri apelekwe kwanza hospitali. Suala la benchi linaweza kusubiri majibu.