George Stephenson, mutoto wa mugodi

Watoto wengi wa makambi wanafikiri kama kazi ya ingeniere ni ya watoto wa wakubwa tu. Leo tunawaletea, ninyi wazazi na wanafunzi, maisha ya mutu mumoja wa Uingereza.

Stephenson alizaliwa tarehe 9 mwezi wa 6, mwaka 1781, ku Wylam, karibu na Newcastle, inchi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa anatia makaa mu moto wa mashini ya kuvuta maji mu mugodi. Feza ya masomo haikuwako. Mutoto akachunga ngombe, kisha akaingia ku mugodi sawa baba. Kufika miaka 17 alikuwa analinda mashini, lakini kusoma na kuandika hakujua. Njo akaanza kalasi ya usiku, analipa na mushahara wake mwenyewe.

Mwaka 1806 bibi yake alikufa, akamuachia mutoto mumoja, Robert. Tena baba akapofuka macho mu aksida ya kazi. George akawa anatengeneza viatu na saa za watu ili apate ya kuongeza.

Mwaka 1811, ku Killingworth, pompa moja ilishindwa kutoa maji mu shimo. George akaomba ruhusa, akaifungua, akaitengeneza, shimo likakauka. Mwaka uliofuata wakamupa kazi ya kuangalia mashini zote za pale.

Ninyi wa mugodi mutaelewa habari ya lampe kuliko sisi. Mwaka 1812, ku Felling, gazi ililipuka, ikaua watu 92, pamoja na watoto waliofanya kazi chini. Mwaka 1815 George akatengeneza lampe ambayo moto wake hauwezi kuwasha gazi ya inje. Akashuka nayo yeye mwenyewe, inawaka, mpaka pale gazi ilikuwa inatoka. Ile wakati mwalimu mukubwa wa London, Humphry Davy, naye alikuwa anatengeneza ya kwake. Davy akapata zawadi ya paundi 2,000, na wenye elimu wakasema mutu asiye na masomo hawezi kufanya kitu kama kile. Iliuma sana. Watu wa Newcastle wakamuchangia paundi 1,000.

Treni zake munazijua: ya kwanza 1814, reli ya Stockton na Darlington 1825, ya Liverpool na Manchester 1830. Upana wa reli aliouchagua, milimita 1,435, inchi nyingi zinautumia hata leo. Yetu ya Katanga ni nyembamba, 1,067.

Lakini kwetu sisi jambo kubwa ni lile la Robert. Baba hakutaka mutoto ateseke sawa yeye. Akamutia masomo ku Newcastle, mutoto anaenda juu ya punda. Akirudi na vitabu, wanasoma wote wawili, baba na mutoto. Mwaka 1822 Robert akafika universite ya Edinburgh. Mwaka 1829 atelie yake ikatoa mashini Rocket, iliyoshinda mashindano ya Rainhill, kisha yeye akajenga madaraja makubwa.

George alikufa mwaka 1848. Robert alikufa 1859, wakamuzika Westminster Abbey, mu kanisa moja na wafalme, yeye mujukuu wa mutia makaa.