Paul Ehrlich: Tabibu aliyeuona ukuta wa ubongo asiutambue

PAUL Ehrlich alizaliwa Machi 14, 1854 katika mji wa Strehlen, uliokuwa chini ya Prussia na ambao sasa umo nchini Poland.

Tangu ujanani alivutiwa na rangi za viwanda vya nguo. Binamu yake, Karl Weigert, alikuwa akizitumia kupaka seli za mwili ili zionekane wazi kwenye hadubini. Ehrlich alihitimu udaktari mwaka wa 1878 na kuendeleza uchunguzi huo jijini Berlin.

Mwaka wa 1885 alitangaza jambo la ajabu. Rangi alizowadunga wanyama zilienea katika viungo vingi, lakini ubongo haukuguswa. Yeye alidhani kwamba ubongo haukuwa na uwezo wa kuzishika.

Alikosea. Mnamo 1913, Edwin Goldmann, aliyekuwa mwanafunzi wake, alitia rangi katika umajimaji unaouzunguka ubongo. Ubongo ukashika rangi, mwili uliosalia ukabaki vilevile. Baina ya damu na ubongo palikuwa na ukuta.

Karibu na mwaka wa 1900, Ehrlich aliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wenzao. Wanyama hao walitengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na maadui, zilizoangamiza damu ya wengine lakini si yao wenyewe. Akahitimisha kwamba mwili una hofu ya kujitilia sumu, na hujizuia usijidhuru.

Kauli hiyo iliheshimiwa mno, kwa kuwa mwenyewe alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1908 na kuleta dawa ya kaswende, Salvarsan, mwaka wa 1910. Kwa miaka mingi, madaktari wengi hawakusadiki kwamba kinga ya mwili yaweza kumgeukia mwenyewe.

Ehrlich aliaga dunia Agosti 20, 1915 akiwa na umri wa miaka 61.

Mwaka wa 2007, Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa uliowapata hasa wanawake vijana. Walianza kwa kuweweseka na kuona mambo yasiyokuwepo, kisha wakapatwa na kifafa. Kingamwili zao wenyewe zilikuwa zimenasa vipokezi vilivyo juu ya seli za ubongo na kuvifanya vizame ndani, hata seli zikashindwa kuwasiliana ipasavyo.

Hali kama hiyo hutokea ukuta ule unapolegea, au seli za kinga zinapouvuka na kutengeneza kingamwili humohumo ubongoni.

Habari njema ni kwamba seli hizo aghalabu hazifi. Kingamwili zikipunguzwa kwa dawa, vipokezi hurejea, na wagonjwa wengi hupona. Anayedhaniwa kuwa amerukwa na akili huenda ana maradhi yanayotibika, mradi daktari akumbuke kwamba ukuta wa ubongo huvukwa na kwamba mwili huweza kujishambulia.